Nguvu ya Kivuko: Biashara ya Vyombo kutoka Mfangano hadi Isebania

Katika historia ya kale ya biashara, Wafoinike ndio mfano ulio wazi zaidi wa watu wachache, wasio na mashamba mapana wala majeshi makubwa ya nchi kavu, waliopata nguvu kwa kumiliki vyombo ambavyo mataifa makubwa yalivihitaji. Miji yao ya Tiro, Sidoni na Gebali, ambayo wasomaji wengi wa Kiswahili wanaijua kutoka kwenye Biblia, ilipangana katika ukanda mwembamba wa pwani ya Lebanoni ya leo, milima ikiwa mgongoni na bahari usoni, na Tiro yenyewe, iliyo mashuhuri kuliko zote, ilijengwa juu ya kisiwa kidogo kilichoishi kwa kuletewa maji ya kunywa kwa mashua. Kutoka huko walisafirisha mbao za mierezi, vitambaa vilivyotiwa rangi ya zambarau iliyopatikana kwa konokono wa baharini, vyombo vya kioo na madini, wakaikata Bahari ya Kati yote hadi Gadir nchini Uhispania walikofuata fedha ya machimboni, na kwa mujibu wa mapokeo wakaanzisha mji wa Karthago mwaka 814 KK.

Lipo ziwa barani Afrika ambalo limepitia historia ya namna hiyo kwa kipimo chake lenyewe, nalo ni Ziwa Nyanza, au Viktoria, hasa ile sehemu ya ufuko wake wa mashariki ambayo leo imo ndani ya kaunti za Homa Bay na Migori nchini Kenya. Mji wa Isebania, ulio mpakani mwa Kenya na Tanzania katika nchi ya Wakuria, hauko ziwani na wala hauna gati, lakini hauwezi kueleweka vizuri bila ziwa hilo, kwa sababu umerithi kazi iliyofanywa zamani na visiwa vya Mfangano na Rusinga, kisha na bandari za Karungu, Homa Bay na Kendu Bay. Kazi hiyo ni ya kivuko, na neno hilo litachukuliwa hapa kwa upana wake: kivuko ni mahali pa kuvukia, ni chombo kinachovusha, na zaidi ya yote ni uwezo wa kuamua nani avuke, lini, na kwa bei gani. Historia ya biashara katika ukanda huu, kama ile ya Wafoinike, ni historia ya uwezo huo ukihama kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

Ushahidi wa kale unaouonyesha uwezo huo vizuri kuliko mwingine wowote unatoka Misri. Katika karne ya 11 KK, hekalu la Amuni lilimtuma mjumbe aitwaye Wenamun kwenda Gebali kutafuta mbao za mierezi za kujengea mashua takatifu ya mungu huyo, naye akaenda akitarajia kupokewa kama wajumbe wa Farao walivyopokewa zamani, yaani kwa unyenyekevu. Mkuu wa Gebali, Zakar-Baal, alimweka kwanza pale bandarini, kisha akaagiza vitabu vya hesabu vya baba zake viletwe na kusomwa mbele yake, ili ionekane kwamba hata Mafarao wenye nguvu walilipia mbao hizo. Wenamun alilazimika kutuma ujumbe nyumbani, na malipo yalipofika ndipo miti ikakatwa. Misri ilikuwa na mahekalu, dhahabu na jina kubwa, ilhali Gebali ilikuwa na misitu, mafundi na marikebu, tena ilikuwa na daftari.

Katika Ziwa Nyanza hapakuwa na daftari, na historia ya karne zilizotangulia ya 19 imehifadhiwa zaidi katika mapokeo, yaani masimulizi yanayorithishwa katika koo. Mapokeo ya Abasuba, wenyeji wa Mfangano, Rusinga na sehemu za ufuko wa bara ulio karibu, yanaeleza kwamba baadhi ya mababu zao walitoka Buganda mwishoni mwa karne ya 18, wakikimbia baada ya kuuawa kwa Kabaka Junju, na kwamba walisafiri kwa mitumbwi wakipitia Busoga mpaka walipopata visiwa vya kukaa. Hao ndio wanaoitwa Abakunta. Katika masimulizi hayo mtumbwi ni sehemu ya asili ya watu wenyewe, kwa kuwa jamii iliyozaliwa kutokana na safari ya majini iliijua njia ya majini kabla ya kuijua ya nchi kavu, na visiwa walivyovichagua vilikuwa na milima yenye mawe, ardhi kidogo ya kulima, na nafasi nzuri sana kwenye mlango wa Ghuba ya Winam, pale ambapo chombo chochote kiingiacho au kitokacho ghubani hakina budi kupita.

Nchi zilizolizunguka ziwa upande huo zilihitajiana kwa sababu zilitofautiana. Waluo wa kandokando ya ziwa walikuwa na ng'ombe, samaki, vyungu na chumvi, lakini mvua katika tambarare zao haikuaminika. Abagusii wa nyanda za juu walikuwa na mvua ya kutosha, nafaka nyingi, majembe ya chuma na mawe laini ya kuchonga. Wasamia wa kaskazini walikuwa wafuaji chuma mashuhuri ambao majembe yao yalisafiri mbali, wakati mwingine kama bidhaa na wakati mwingine kama mahari. Mwaka wa njaa ulipofika, wanawake wa Kiluo walipanda milima kwenda Gusii na vikapu vyao kutafuta mtama na wimbi. Biashara hiyo ya miguu imeandikwa na wanahistoria kadhaa, akiwemo William Ochieng' aliyechunguza historia ya Abagusii, na kwa wingi wa watu walioshiriki huenda iliizidi ya majini. Hata hivyo mzigo mzito una sheria yake: mtu mmoja hubeba kichwani kiasi cha kilo 25 hadi 30, ilhali mtumbwi mmoja mkubwa hubeba mizigo ya watu wengi, hautaki malisho, na upepo ukiwa mwema hautaki hata jasho. Ndiyo maana vitu vizito vya nchi zilizoelekeana ng'ambo ya maji vilifuata maji.

Mitumbwi yenyewe inastahili kuangaliwa kwa makini, maana ndani yake ndimo ulimokaa ujuzi wa watu wa ziwa. Aina iliyosifika zaidi ni ile iliyopewa jina la visiwa vya Ssese, upande wa Buganda, ambayo ilitumika na kuigwa katika sehemu kubwa ya ziwa. Haikuchongwa kutoka kwa gogo moja tu kama mitumbwi ya mitoni. Fundi alianza na mkuku, yaani ubao mzito wa chini unaobeba chombo chote kama uti wa mgongo, ambao sehemu yake ya mbele ilijitokeza majini nje ya mwili wa chombo; juu ya mkuku aliinua mbao za ubavuni, akazitoboa kingoni na kuzishona kwa nyuzi za mimea, kisha akaziba mishono ili maji yasiingie. Omo, yaani sehemu ya mbele, ilipanda juu na mara nyingi ilipambwa kwa pembe za wanyama. Mitumbwi mikubwa ilizidi urefu wa mita 20 na iliendeshwa na makumi ya wapiga kafi. Msomaji wa pwani atakumbuka hapa mtepe wa Lamu, jahazi lililoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja, lakini ufanano huo hauthibitishi kwamba fundi mmoja alimfundisha mwenzake. Kushona mbao ni jawabu ambalo mafundi wengi duniani wamelifikia pale ambapo chuma ni adimu au ni ghali mno kupotezwa kwenye mbao. Wafoinike walikuwa na jawabu tofauti. Wao walichonga tundu katika kingo za mbao mbili zilizokutana, wakaingiza ulimi wa mti mgumu katikati, kisha wakapigilia vigingi vya kuushika, na Warumi walioiga ufundi huo wakauita kwa jina la Wapuni, yaani Wafoinike wa Karthago.

Ufundi ulileta biashara, na biashara haikuchelewa kuleta dola. Katika karne ya 19 Buganda ilikuwa tayari imeifanya mitumbwi kuwa chombo cha utawala, ikiwa na kiongozi maalumu wa vyombo vyote vya ufalme, mwenye cheo cha gabunga, kilichoshikwa na ukoo wa Mamba. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley, aliyekuwa akilizunguka ziwa kwa mashua yake, alishuhudia Kabaka Mutesa wa Kwanza akivikabili visiwa vya Buvuma kwa mamia ya mitumbwi ya vita, na Wavuma, ambao walikuwa wachache lakini hodari majini, wakamtaabisha sana. Kusini, ufalme wa Ukerewe ulijitajirisha kwa kupeleka pembe za ndovu kuelekea Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, kulikokuwa na kituo kikubwa cha wafanyabiashara wa pwani. Wafanyabiashara hao, Waarabu na Waswahili, walikuwa wamefika Buganda tangu miaka ya 1840 kwa njia ya nchi kavu iliyopitia Karagwe, magharibi mwa ziwa, wakileta nguo, bunduki na simbi, yaani kauri za Bahari ya Hindi ambazo Buganda zilikuwa fedha na ambazo Waluo wanaziita gagi.

Ni dhahiri kwamba watu waliozoea majahazi ya Zanzibar wasingeridhika kuutembea ukingo wa ziwa kwa miguu milele. Stanley alipofika Kagehyi, kusini mwa ziwa, alimkuta mfanyabiashara wa pwani aliyejulikana kwa jina la Songoro akiunda jahazi, na hatua hiyo ilikuwa kubwa kuliko ilivyoonekana, kwa sababu jahazi la tanga, lenye watu wachache na shehena kubwa, lilimwondolea mfanyabiashara haja ya kumwomba mfalme ampe wapiga kafi. Wafalme walilitambua hilo. Desemba 1877, katika ugomvi uliohusu pia chombo hicho, watu wa Lukonge, mfalme wa Ukerewe, walimuua Songoro pamoja na wamisionari wawili Waingereza, Shergold Smith na O'Neill. Wengi wameyasimulia mauaji hayo kama kisa cha ukatili tu, lakini ukiyatazama kwa upande wa biashara, yalikuwa ni mapigano ya kwanza ya ziwa hilo juu ya swali la nani amiliki chombo kisichohitaji ruhusa. Haifai kusahau kwamba majahazi hayo, kama marikebu za Tiro zilizotajwa na nabii Ezekieli katika orodha ndefu ya bidhaa za mji huo, yalibeba watu pamoja na vitu. Biashara ya watumwa ilikuwa sehemu ya utajiri wa pande zote mbili, na heshima inayostahili ufundi wa mabaharia haiwezi kuufunika uovu huo.

Swali la umiliki lilijibiwa kwa mvuke. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kugawana Afrika Mashariki kwa mstari uliotoka pwani, ukapita kaskazini mwa Kilimanjaro, ukaishia ufuko wa mashariki wa ziwa kwenye digrii 1 kusini mwa ikweta, na mwaka 1890 mstari huo ukaendelezwa kuvuka maji yenyewe. Hakuna mvuvi wa Muhuru wala mkulima wa Kikuria aliyeulizwa. Mwaka 1900 meli ya mvuke William Mackinnon, iliyoundwa Uskoti na kuletwa vipande vipande, ilishushwa majini huko Port Florence, ambayo leo ni Kisumu. Desemba 1901 reli kutoka Mombasa ikaufikia ufuko huo. Na katika miaka michache iliyofuata zikaongezwa meli za Winifred, Sybil na Clement Hill. Karungu, iliyoko katika Nyatike ya leo, iligeuka ghafla kuwa mahali pa maana: meli zilitia nanga hapo, serikali ya kikoloni ikaweka hapo makao ya kwanza ya wilaya ya Kavirondo Kusini, na kabla makao hayo hayajahamishiwa Kisii mwaka 1907, mtu aliyetaka kumfikia mtawala wa sehemu hiyo alielekea ziwani. Wafanyabiashara wa Kihindi walifuata njia hiyo hiyo. Alidina Visram, mzaliwa wa Kutch aliyeanzia maisha ya biashara pwani, alikuwa kufikia kifo chake mwaka 1916 ameeneza maduka katika Kenya na Uganda, na alikuwa na majahazi yake mwenyewe ziwani.

Kwa muda wa nusu karne meli hizo ziliifanya Ghuba ya Winam kuwa barabara. Kendu Bay na Homa Bay zilikua kwa sababu ya gati. Pamba iliyolimwa na Waluo ilichambuliwa viwandani karibu na maji na kupakiwa kuelekea Kisumu, na nafaka ya Kisii iliyokuwa zamani ikishushwa vichwani mwa wanawake sasa ilishushwa kwa malori hadi ghala la bandari. Neema hiyo, hata hivyo, ilikuwa na masharti ambayo Mfangano haikuwahi kuwekewa, kwa kuwa nauli na ratiba zilipangwa na ofisi ya reli, ambayo kuanzia mwaka 1948 iliunganishwa kuwa shirika moja la reli na bandari la Afrika Mashariki. Mwenye mtumbwi, ambaye mababu zake walikuwa wakipatana bei na wafalme, alibaki mvuvi. Hapo ndipo mfano wa Wafoinike unapoachana na historia ya ziwa: Waashuri, Wababeli na Waajemi waliitawala Tiro kwa zamu, wakaitoza kodi, lakini kwa sehemu kubwa waliwaachia Wafoinike marikebu zao, kwa kuwa hawakuwa na mabaharia wengine, ilhali Waingereza walikuja na marikebu zao wenyewe.

Vita Kuu ya Kwanza ilidhihirisha thamani ya vyombo hivyo kwa njia mbaya. Septemba 1914 kikosi cha Wajerumani kilitoka upande wa Shirati, kikaiteka Karungu na kuingia Kisii, ambako kulipiganwa tarehe 12 mwezi huo, na meli zilizokuwa zikibeba pamba na abiria zikafungwa mizinga. Baada ya Kisii kurudishwa na mpaka kutulia, Karungu haikurudia tena cheo ilichokuwa nacho kabla ya mwaka 1907.

Kilichoziondolea bandari ndogo nguvu si vita, bali ni barabara. Lori linalotoka Mwanza au Musoma na kupita Tarime, Sirari, Isebania, Migori na Kisii halihitaji kupakua mzigo gatini, wala halingoji siku ya meli, na kadiri njia hiyo ilivyoboreshwa na kutiwa lami ndivyo mfanyabiashara alivyoona hasara ya kwenda ziwani. Pigo la mwisho lilitoka kwenye siasa. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, shirika la pamoja likagawanywa pamoja na meli zake, na Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya hadi mwaka 1983. Kufungwa huko kuliukata ukanda wa Wakuria katikati, ilhali koo zao, zikiwemo Abanyabasi na Abairege, zina watu pande zote mbili, mtu akiwa na shamba huku na shangazi kule. Biashara haikukoma, ilibadilika jina ikawa magendo, ikapita vichochoroni usiku. Mpaka ulipofunguliwa tena, na hasa Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulipoanza mwaka 2005, wenye ujuzi wa njia, wa bei za pande mbili na wa kubadilisha shilingi moja kwa nyingine walikuwa tayari wapo Isebania na Sirari, pande mbili za mpaka huo.

Kwa hiyo Isebania ni bandari kwa kila maana isipokuwa ya maji. Ina forodha, ambayo sasa ni kituo cha pamoja ambapo msafiri na mzigo wake hukaguliwa na nchi zote mbili mahali pamoja. Ina wabadili fedha, madalali, makuli na maghala. Ina mahindi, maharage, vitunguu na mchele vinavyofuata bei, siku moja vikielekea kaskazini na siku nyingine kusini. Ina pia udhaifu wa kila mji wa kivuko. Tiro haikuwahi kulima chakula cha kuitosha, na Isebania nayo, ingawa imezungukwa na mashamba mazuri ya Wakuria, haipati fedha yake kubwa kutoka mashambani, hivyo katazo moja la kuingiza mahindi linalotolewa Nairobi au Dodoma linaweza kuyanyamazisha maghala yake kwa siku moja.

Yapo matukio mawili, yaliyotenganishwa na zaidi ya miaka 2300, yanayofaa kuwekwa pamoja. Mwaka 332 KK Aleksanda Mkuu, aliposhindwa kuiteka Tiro kwa kuwa ilikuwa kisiwa, aliamuru bahari ijazwe mawe na magogo mpaka njia ya kupita jeshi ikafika ukutani. Mji ulianguka baada ya miezi saba, mchanga ukajikusanya pande zote za tuta hilo, na Tiro haikuwa kisiwa tena. Mapema katika miaka ya 1980 mlango mwembamba wa maji kati ya Mbita, upande wa bara, na kisiwa cha Rusinga ulizibwa kwa tuta ili magari yapite, na nia yake ilikuwa njema, kinyume kabisa na ile ya Aleksanda. Lakini maji ya ghuba yalizuiwa kukutana na ya ziwa kuu mahali hapo, mitumbwi iliyokuwa ikipita ikalazimika kukizunguka kisiwa, na wavuvi wakalalamika kwa miaka mingi kuhusu samaki na magugu, hadi katika miaka ya 2010 daraja lilipojengwa na mlango ukafunguliwa. Tuta la Tiro lipo hadi leo.

Siku hizi ziwa limeanza kukumbukwa tena. Meli ya MV Uhuru, iliyoundwa miaka ya 1960 kubeba mabehewa ya reli, ilifufuliwa mwaka 2019 baada ya kulala zaidi ya mwongo mmoja, na inabeba mizigo kati ya Kisumu na Port Bell nchini Uganda. Inapita mbele ya Rusinga na Mfangano bila kusimama. Mitumbwi inayosimama huko ni ya wavuvi wa omena na mbuta, iliyopigiliwa misumari badala ya kushonwa, mingine ikiwa bado na tanga la pembetatu kama lile la majahazi ya akina Songoro. Wazee waliosafiri kwa meli za mvuke kutoka Karungu na Homa Bay wangali hai, ingawa ni wachache, na majina ya sehemu za mtumbwi ulioshonwa katika Kisuba yamebaki vinywani mwa wachache zaidi. Zakar-Baal aliweza kumjibu mgeni kwa sababu baba zake waliandika. Walimu wa historia wa Mbita, Nyatike na Kuria, pamoja na wanafunzi wao, hawahitaji kusubiri fedha za mtu yeyote ili waende kuuliza na kuandika, na kazi hiyo inafaa ianze mwaka huu.